Mlima mkavu kuliko bonde: kisa cha ramani ya mvua na glasi moja

Usuli

Wilaya yenyewe imekumbatia mojawapo ya safu za milima ya Tao la Mashariki, Tanzania. Jina lake nimeliacha, na vituo vya mvua nitaviita kwa wenyeji wake: Misheni, Chai, Shule, Boma na Mkonge. Mwinuko, umbali na viwango vya mvua nimevisogeza kidogo ili mahali pasitambulike, ila hesabu ambazo ndizo kiini cha kisa nimeziacha zilivyo.

Mlima umekaa kama ukuta kutoka kaskazini hadi kusini. Kaskazi na kusi zote hutoka baharini na unyevu wake, na zote hugonga upande wa mashariki kwanza. Hewa ikipanda hupoa, mvuke ukawa wingu, mvua ikamwagwa huko huko. Inayovuka kwenda magharibi inashuka ikiwa imeshakamuliwa. Jambo hili si la wilaya hiyo tu. Mji wa Morogoro, uliojibanza nyuma ya Uluguru, hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, wakati miteremko ya mashariki ya milima hiyo hiyo hupita 2,000.

Mradi ulikuwa wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kwa bomba bila pampu, kwa vijiji vitatu vya upande wa magharibi, watu kama 4,300. Chanzo kilichopendekezwa na wanakijiji kilikuwa kijito kinachotoka chini kidogo ya ukingo wa mlima, karibu na Shule. Mhandisi alitaka ramani ya mvua ya wilaya nzima, ili aweze kuwaambia wafadhili kwamba kijito hakitakauka mwaka wa tatu. Timu ilikuwa ya watu wanne: mhandisi, fundi sanifu, mtaalamu wa ramani na mimi niliyekabidhiwa takwimu.

Vituo vitano

Wastani wa mvua kwa mwaka, kama tulivyoukuta kwenye faili la kompyuta la miaka ya 2014 hadi 2020:

- Misheni, mashariki, mita 1,350: milimita 1,840
- Chai, mashariki, mita 950: milimita 1,690
- Shule, magharibi karibu na ukingo, mita 1,620: milimita 520
- Boma, magharibi, mita 520: milimita 690
- Mkonge, magharibi tambarare, mita 430: milimita 580

Eneo lote ni kama kilomita za mraba 900. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unataka milimani pawe na angalau kituo kimoja kwa kila kilomita za mraba 250, kwa hiyo vinne vingetosha, nasi tulikuwa na vitano. Kwenye karatasi tulikuwa matajiri. Lakini kati ya Boma na Shule kuna mita 1,100 za kupanda bila kipimamvua hata kimoja, na juu ya Shule hakuna kitu hadi kileleni. Vipimamvua hufuata barabara na watu wanaojua kusoma. Mvua haifuati barabara.

Miaka saba tuliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshaingizwa kwenye kompyuta. Sababu nyingine haikuwepo. Vitabu vya nyuma vilikuwa kabatini.

Ramani ya kwanza

Mtaalamu wa ramani alitumia njia ya kawaida: programu inakadiria mvua ya kila nukta kwa kuangalia umbali wake hadi vituo, cha karibu kinasikika zaidi, cha mbali kidogo. Ikatoka ramani nzuri kwa rangi. Mashariki buluu, tambarare njano, na juu mlimani, kuizunguka Shule, duara jekundu kama jicho lililovimba.

Tukaliangalia lile jicho. Shule, mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa kavu kuliko shamba la mkonge kule chini. Mtu yeyote aliyewahi kupanda ule mlima angecheka. Sisi tulikuwa tumeupanda. Tulipita kwenye mashamba ya kabichi yasiyo na mfereji, na kwenye miti iliyoota kuvu na ndevu za mzee, zile nyuzi za ukoga zinazoning'inia mitini penye unyevu, hadi matawi ya chini. Fundi sanifu alisema palepale mezani, "Kabichi kwa milimita mia tano? Labda wanazimwagilia kwa machozi." Tukacheka, tukaendelea.

Tuliendelea kwa sababu tulikuwa na maelezo tayari. Kivuli cha mvua! Shule iko magharibi ya ukingo, upepo unafika pale umeshamwaga mzigo wake, basi. Hakukuwa na neno lolote la uongo ndani ya maelezo hayo, na ndiyo maana yalitupumbaza. Kivuli cha mvua kipo kweli. Kasoro ni kwamba matone hayageuki kukauka mara tu yanapovuka ukingo. Wingu huchukuliwa na upepo, na eneo lililo mita mia chache ng'ambo ya kilele huwa bado linalowa. Ukavu wenyewe unaanza unaposhuka.

Kulikuwa na dokezo la pili. Mtaalamu wa ramani alipakua CHIRPS, takwimu zinazochanganya picha za setelaiti na vituo vya ardhini, zinazoanzia mwaka 1981. Pale Shule zilitoa karibu milimita 900. Tukasema setelaiti imezidisha.

Uamuzi wa kwanza

Mhandisi alihamisha chanzo. Badala ya kijito cha magharibi chenye bomba la kilomita 4, akachora banio, yaani kizuizi cha kuingizia maji kwenye bomba, upande wa mashariki, na bomba la kilomita 11 linalozunguka bega la mlima. Kwa aliyeamini ramani, uamuzi huo ulikuwa wa busara: bora bomba refu lenye maji kuliko fupi lenye hewa. Upimaji wa njia ulichukua wiki tano, na wenye mashamba njiani wakaanza kuulizwa habari za fidia.

Wazee wa vijiji vya magharibi walipoambiwa kijito chao hakina uhakika, mmoja alimuuliza mhandisi kwa adabu kabisa, "Mwanangu, hicho kijito umekiona Oktoba?" Hakuwa amekiona Oktoba. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona.

Vitabu vya zamani

Mkataba ulidai mfululizo wa miaka 30, hivyo wakati upimaji ukiendelea mimi nilikuwa naingiza vitabu vya 1990 hadi 2013. Vilikuwepo hata vya zamani zaidi, vya enzi ambazo fomu zilitumwa Nairobi kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Hivyo vina mtego wake: vimeandikwa kwa inchi na sehemu za mia. Karani akiandika 125 ana maana ya inchi 1.25, yaani milimita 31.8. Anayeingiza leo bila kusoma kichwa cha safu ataona milimita 12.5. Tuliviweka pembeni.

Kabla ya kuchora chochote nilifanya jambo rahisi ambalo ilifaa nianze nalo: nilijumlisha mvua kwa siku za juma. Misheni ilikuwa haina mvua Jumapili. Miaka 31, na Jumapili zenye mvua zilihesabika kwa vidole, huku Jumatatu zikiwa na karibu maradufu ya siku nyingine. Padri hakupima Jumapili. Maji yalisubiri kwenye chupa hadi Jumatatu saa tatu. Kwa jumla za mwezi hakuna shida kubwa. Kwa anayetafuta mvua kubwa ya siku moja ili apime ukubwa wa kalavati, Jumatatu za Misheni ni hatari.

Boma ilikuwa na Aprili mbili zenye sifuri siku zote 30, katikati ya masika, wakati Mkonge, kilomita 14 tu kutoka hapo, iliandika zaidi ya milimita 150. Kwenye kitabu chenyewe hazikuwa sifuri. Zilikuwa nafasi tupu, karani alikuwa likizo, na aliyeingiza kwenye kompyuta alijaza sifuri kwa sababu programu ilikataa kuendelea. Tulipoziondoa Aprili hizo na miezi mingine ya namna hiyo, wastani wa Boma ulipanda kutoka 690 hadi 780.

Mkonge nako mwaka 2017 ulikuwa nakala ya 2016. Haukufanana tu: ni tarakimu zilezile, siku zilezile, hadi ile 17.3 ya tarehe 9 Aprili. Mtu alidaiwa fomu, akazijaza. Miaka yote miwili tuliitupa, kwa kuwa hatukujua ni upi uliokuwa wa kweli, kama upo.

Kisha Shule. Nilichora malimbikizo yake, yaani jumla inayoongezwa mwaka juu ya mwaka, dhidi ya malimbikizo ya wastani wa Misheni na Chai. Vituo vinavyonyeshewa na mfumo mmoja wa hewa hutoa mstari ulionyooka, hata kama kimoja kina mvua nyingi kuliko kingine, kwa sababu uwiano wao haubadiliki sana. Mstari wa Shule ulinyooka kuanzia 1990, ukafika 2013, ukavunjika kama mkono uliochomoka kiwikoni. Kabla ya hapo wastani wa mwaka ulikuwa 1,320. Baada ya hapo 520. Mteremko mpya wa mstari ulikuwa asilimia 39 ya ule wa zamani.

Mlima haukuhama mwaka 2013. Nikampigia mhandisi simu, nikamwomba gari.

Saa tatu asubuhi, shuleni

Nilidhani nitakuta mti. Mti uliokua na kukifunika kipimamvua ndiyo sababu ya kawaida kabisa. Lakini kipimamvua kilikuwa wazi uwanjani, kimezungushiwa seng'enge, mdomo wake sentimita 30 juu ya ardhi kama inavyotakiwa, shaba imegeuka kijani lakini haijatoboka. Nilipima kipenyo cha mdomo kwa rula: milimita 127, yaani inchi 5. Safi.

Msomaji alikuwa mwalimu wa jiografia. Saa tatu kamili alitoka ofisini na mwanafunzi wa zamu. Mwanafunzi alifungua faneli, akatoa chupa, akamimina maji kwenye glasi yenye mistari ya milimita, akaiinua hadi usawa wa macho na kusoma sehemu ya chini ya kile kibonde cha maji. Hakuna aliyewafundisha vibaya. Akasema, "Nne nukta mbili, mwalimu." Mwalimu akaandika kwenye kauntabuku lenye jalada jeusi.

Usiku ule nilikuwa nimelala nyumba ya wageni jirani, na mvua iliyopiga bati haikuwa ya milimita nne.

Nikaomba maji kwenye kikombe na bomba la sindano kutoka zahanati. Mdomo wenye kipenyo cha milimita 127 una eneo la sentimita za mraba karibu 127. Kwa hiyo milimita 10 za mvua ndani yake ni mililita 127 za maji. Bomba lilikuwa la mililita 20. Nikalijaza mara sita, kisha nikaongeza saba, nikamimina yote kwenye glasi ya shule.

"Soma, mwalimu."

Akasoma. Akaiweka chini mezani, akainama, akasoma tena. "Tatu nukta tisa."

Ilipaswa kuwa kumi. Tuliigeuza glasi kwenye mwanga wa dirisha, na karibu na kitako tukaona alama iliyofutika nusu: 8. Ilikuwa glasi ya kipimamvua cha inchi 8. Mdomo wa inchi 8 una eneo mara 2.56 ya ule wa inchi 5, basi maji yaleyale kwenye glasi yake yanaonekana machache mara 2.56. Kinyume chake ni 0.39. Ile asilimia 39 ya mchoro wangu ilikuwa imekaa kwenye droo ya mwalimu miaka yote, imefungwa kwenye kipande cha kitenge isivunjike.

Glasi ya kwanza ilipasuka wanafunzi wakiiosha. Hii ililetwa na mgeni wa mradi mwingine, na walifurahi kuipata. Mwalimu alinieleza faida yake kwa uaminifu: ile ndogo ilijaa kwenye milimita 10, hivyo siku ya mvua kubwa mwanafunzi alimimina mara tano, sita, akipoteza hesabu. Hii ilimaliza kazi kwa mara moja au mbili.

Marekebisho, na kosa langu

Swali lilikuwa: tutupe miaka saba ya Shule, au tuizidishe kwa 2.56? Mkonge tulitupa. Shule tuliizidisha. Tofauti ni kwamba kosa la Shule lilikuwa na sababu inayojulikana, lilikuwa la kiwango kimoja kila siku, na tuliweza kulirudia mezani kwa maji na sindano. Nakala ya Mkonge haina kanuni ya kuirudisha nyuma. Baada ya kuzidisha, 520 ikawa 1,331, ikakaa jirani na 1,320 ya zamani bila kulazimishwa.

Hapo nikaharibu. Mchoro wangu ulikuwa wa jumla za mwaka, na mwaka nilioutumia ulianza Julai. Kiwiko kilionekana kwenye mwaka wa 2013/14, nami nikazidisha kuanzia Julai 2013. Novemba 2013 ikatoka milimita 502. Nilipoirudisha rasimu shuleni, mlinzi, mzee aliyekaa pale kabla ya mwalimu, aliangalia tarakimu na kutikisa kichwa. "Mvua ya hivyo ingebeba daraja la kule chini. Vuli ile ilikuwa ya kawaida tu." Tukafungua kauntabuku la mwaka huo. Desemba, pembeni kwa kalamu nyekundu: *glasi imepasuka*. Novemba ilikuwa 196, ya glasi sahihi. Miezi mitano niliyoizidisha haikuwa na kosa lolote. Kama ningechora kwa miezi badala ya miaka, mchoro wenyewe ungenionyesha. Na kama ningefungua kitabu siku ile ya sindano, nisingehitaji mchoro.

Ramani ya pili, na ndoo

Ramani ya pili iligawanywa kwenye ukingo. Mashariki ina uhusiano wake wa mvua na mwinuko, magharibi una wake. Ukizichanganya pande mbili, uhusiano wa mvua na mwinuko unafifia, ilhali tatizo ni kwamba umelinganisha nguo iliyolowa na iliyokaushwa. Sijidanganyi kuhusu uimara wake: vituo viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili ni vichache mno kwa mstari wowote. Lile jicho jekundu, hata hivyo, lilitoweka.

CHIRPS nayo ilibaki na 900 yake, sasa ikiwa chini ya ukweli. Sababu inafahamika. Kipande chake kimoja ni nyuzi 0.05, yaani kilomita 5.5 hivi, na kutoka Boma hadi ukingoni ni kilomita 9. Mteremko wote unaingia kwenye vipande viwili. Tena hukadiria mvua kwa baridi ya vilele vya mawingu, wakati mvua nyingi ya mlimani inatoka kwenye mawingu mafupi yenye joto, yanayosuguana tu na msitu. Na kwa kuwa huchanganya vituo vya ardhini, anayeitumia kuhakiki kituo aangalie kwanza kama kituo hicho hakimo ndani yake. Sisi hatukuangalia.

Lakini kilichoamua chanzo si ramani ya pili pia. Fundi sanifu alikwenda kwenye kijito mwishoni mwa Oktoba, kabla ya vuli kuanza, akaziba kwa udongo na kipande cha bomba, akaweka ndoo ya lita 20. Ilijaa kwa sekunde 7. Hiyo ni karibu lita 2.9 kwa sekunde. Watu 4,300 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku, kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002 kwa vijijini, wanahitaji lita 107,500, yaani lita 1.24 kwa sekunde. Hata ukiwaachia wa bondeni nusu, yanatosha.

Matokeo

Chanzo kilirudishwa magharibi, bomba likawa la kilomita 4. Wiki tano za upimaji zilipotea, pamoja na imani ya wenye mashamba wa mashariki waliokwisha kupigia hesabu fidia. Jumuiya ya watumia maji ilikubali kuandika ujazo wa ndoo kila mwezi, jambo ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko ramani zote mbili. Shule ilipata glasi ya inchi 5.

Uchambuzi

Kilichofaa ni vitu vya bei ndogo: kujumlisha kwa siku za juma, kutofautisha nafasi tupu na sifuri, mchoro wa malimbikizo, sindano ya zahanati. Kila kimoja kilichukua chini ya saa moja. Mkataba ulivitaka baadaye, nasi tukavifanya baadaye, baada ya ramani kushaamua mambo.

Kilichoshindwa zaidi ni mpangilio. Tuliuliza ramani swali la kijito, wakati kijito chenyewe kilikuwepo. Mvua ya kila mwaka haisemi moja kwa moja maji ya Oktoba yatakuwa kiasi gani. Katikati kuna msitu, udongo na mwamba. Mhandisi hakubaliani nami kabisa. Anasema ndoo ya Oktoba moja ni Oktoba moja, na bila mfululizo wa mvua huwezi kujua kama ulikuwa mwaka mzuri au mbaya. Ana haki. Mfululizo wa Shule uliorekebishwa ndio ulioonyesha kwamba mwaka tuliopima ulikuwa chini kidogo ya wastani, na hapo ndipo ndoo ilipopata uzito.

Kuhusu jicho jekundu, dalili zilikuwa tatu: kabichi, ndevu za mzee kwenye miti, na setelaiti. Zote tulizizima kwa maelezo ya kitaalamu. Angekuwa mtu asiyejua kivuli cha mvua ni nini, angeuliza mapema.

Limebaki jambo moja. Juu ya mita 1,620 hakuna aliyewahi kupima, na kuendeleza mstari wa mwinuko hadi kileleni ni kubahatisha: kusini mwa Kilimanjaro mvua huongezeka hadi karibu mita 2,200, kisha hupungua, na kileleni ni kidogo sana. Mlima wetu huenda una kikomo chake, huenda hauna. Nilichora mistari ya mvua ya huko juu kwa nukta nukta. Mhandisi aliniomba niikamilishe, maana ramani yenye nukta huonekana kama kazi haijaisha. Mpaka leo ina nukta.